Mpambaji wa Mandhari ya Filamu: Kazi Inayoanza kwa Kusoma

Mwaka 1980 ilitoka filamu ya Raoul Coutard, La Légion saute sur Kolwezi. Inasimulia vita vya Mei 1978 katika mji wetu, lakini ilirekodiwa Guyane ya Ufaransa, Amerika ya Kusini. The Siege of Jadotville ya mwaka 2016, inayohusu mapigano ya Likasi mwaka 1961, ilirekodiwa Afrika Kusini. Mji mmoja unapowekwa mahali pa mwingine namna hii, mmoja wa wanaoufanya uaminike ni mpambaji wa mandhari.

Wengi humchanganya na mbunifu wa mandhari. Mbunifu huamua sura ya filamu nzima: majengo, rangi, mitaa. Mpambaji huvijaza vyumba: viti, mapazia, sufuria, picha za ukutani, karatasi za mezani. Tuzo ya Oscar ya fani hii hupewa wote wawili.

Kazi yake huanza kwa kusoma. Huuchambua muswada onyesho kwa onyesho, akiorodhesha vitu vilivyotajwa na hata visivyotajwa. Mwandishi akiandika tu kwamba tuko nyumbani kwa mfanyakazi wa Gécamines, jioni, mpambaji lazima ajiulize: ana cheo gani? Ana watoto wangapi? Vitambaa vya viti vilifumwa na nani? Baadaye hutafuta, hukodi, hununua au huagiza vitengenezwe. Hupanga kila kitu kabla ya kamera kufika, na hupiga picha za chumba ili kesho kila kitu kiwe palepale. Mwisho hurudisha vya watu.

Tuseme nyumba hiyo iko Manika, mwaka 1978. Nchi inaitwa Zaïre, mkoa ni Shaba, na pesa inaitwa zaire. Uani kuna mbabula. Ukutani panafaa mchoro wa mamba muntu, au ule wa Colonie belge ambao Tshibumba Kanda Matulu aliuchora mara nyingi, kwa kuwa michoro ya namna hiyo ilitundikwa katika sebule za wafanyakazi wa Katanga miaka ile. Mpambaji akiweka hapo kinyago cha kuuzia watalii, mtazamaji wa Paris hatashtuka. Mama mzee wa Manika atajua mara moja kwamba hakuna jirani yake aliyewahi kuishi humo.

Kuhusu njia ya kuingia, wengi huanza kama wasaidizi: kubeba, kupaka rangi, kuzunguka sokoni na orodha. Kwetu, vikundi vya tamthilia ni shule ya karibu. Malipo huja kwa mkataba wa filamu moja, kisha mtu husubiri mwingine. Ndiyo maana wengine hupamba pia harusi na matangazo.

Nawaandikia wenzangu wa lugha kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hii tunaiweza: kusoma kwa makini, kuuliza, kutaja vitu kwa majina yake. Tena wakati ni mfupi. Hapa Kolwezi kuna nyumba zinazobomolewa kupisha migodi, na wenyewe huhama na wanachoweza kubeba. Napendekeza kila anayefanya utafiti wa msamiati awaombe wazee wamtajie, kwa Kiswahili chao, vitu vilivyokuwa sebuleni mwao mwaka 1978. Kwetu itakuwa kamusi. Kwa mpambaji atakayeitengeneza Kolwezi ndani ya Kolwezi, itakuwa orodha ya kuanzia kazi.