Ndege ni Saa Moja, Safari ni Siku Nzima
Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Mpenzi msomaji, je, kutoka Mombasa hadi Nairobi kwa ndege ni muda gani? Usiharakishe kujibu. Mimi niliharakisha, na babu yangu akalala njaa mchana kutwa.

Likizo iliyopita Babu aliugua. Baba mdogo, anayefanya kazi Mombasa, akapiga simu: angepanda ndege kesho yake saa tatu asubuhi. Basi mimi, bingwa wa hesabu, nikachukua kalamu. Kwa barabara, Mombasa na Nairobi zimeachana kilomita 480 hivi. Ndege haina kona, hivyo ni kama 420. Ndege kubwa huenda kilomita 800 kwa saa. Gawanya: nusu saa tu! Kutoka Nairobi hadi hapa Longisa ni kama kilomita 200, matatu ikienda 50 kwa saa ni saa nne. "Babu," nikasema, "saa saba u nusu yuko hapa." Mzee akafurahi, akakataa hata uji. Atakula na mwanawe.

Baba mdogo alifika saa kumi na mbili jioni.

Sasa, zile saa nne u nusu zilipotelea wapi? Nilimhoji, tukazihesabu pamoja. Kwanza, ile 800 ni kasi ya huko juu tu. Ndege hutambaa uwanjani, hupanda polepole na hupunguza mwendo kabla ya kutua, kwa hivyo nusu saa yangu ikawa saa nzima. Kungoja mizigo, nusu saa. Kutoka uwanjani hadi stejini katika msongamano wa Nairobi, saa moja u nusu. Kungoja matatu ijae, saa moja. Malori kwenye mteremko wa Mai Mahiu na kusimama Narok, saa nyingine. Jumlisha mwenyewe!

Hata angani kwenyewe, umbali mmoja hauna muda mmoja. Safari ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York ilipoanza Oktoba 2018, ilipangiwa saa 15 kwenda na 14 kurudi. Njia ni ileile, lakini pepo kali za juu huvuma kutoka magharibi, zikaisukuma ndege inaporudi kwetu.

Kwa hivyo wenzangu, kugawa umbali kwa kasi ni sawa darasani, lakini kunakupa muda wa chombo, si wa msafiri. Mgeni akija, hesabu tangu afunge mlango wake hadi abishe hodi kwako, kisha ongeza kidogo.

Jioni ile Babu alikula na mwanawe, nashukuru. Alipomaliza akanigeukia: "Wewe kijana, ile ndege yako ya nusu saa ilitua wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikwenda kuchota maji.