Hewa Nyepesi ya Mlimani

Wazazi hutuuliza kama kijana mwenye afya anaweza kuugua kwa kupanda Kilimanjaro. Anaweza, hata mcheza mpira hodari. Kwa njia ya Marangu, kituo cha Mandara kiko mita 2,700, Horombo 3,720 na Kibo kama 4,700. Kadiri tunavyopanda, mgandamizo wa hewa hupungua. Kileleni, mita 5,895, kila pumzi hutupatia karibu nusu tu ya oksijeni ya pwani. Mwili huzoea, ila polepole. Ndiyo maana kulala siku ya ziada Horombo si kutupa fedha.

Kichwa kikiuma pamoja na kichefuchefu, mtu asipande zaidi. Apumzike hapo mpaka apone. Vijana huficha maumivu kwa kuwaonea haya wenzao, na hapo ndipo penye hatari. Anayepepesuka, anayesema ovyo au anayehema hata akiwa ameketi ateremshwe mara moja, hata usiku, wala asiachwe peke yake. Mtungi wa oksijeni humsaidia njiani, lakini dawa yenyewe ni kuteremka. Mwenye ugonjwa wa selimundu tunamshauri asipande kabisa, kwani upungufu huo wa oksijeni huweza kumletea maumivu makali na kuharibu wengu.