Mwenye seva anakuzungusha? Hama, lakini ondoka na jina lako

Wiki hii naomba tuweke pembeni habari za mapenzi na mitindo, tuongelee kitu kinachowaliza vijana wengi kimya kimya. Nazungumzia tovuti, na hasa hawa jamaa wanaotuuzia nafasi ya kuziweka hewani.

Siku hizi kila mtu ana kabiashara kake. Huyu anauza viatu vya mtumba daraja la kwanza, yule anapamba kumbi, mwingine anaoka keki. Wateja wakizidi unaambiwa fungua tovuti nawe uonekane mtu wa maana. Unamtafuta kijana, anakutengenezea, unalipa, inawaka, unatamba mtaani. Halafu siku moja mteja anakupigia: "Dada, mbona tovuti yako haifunguki?" Hapo ndipo kasheshe huanza.

NYUMBA MOJA, MITA MOJA

Tovuti si uchawi. Ni mafaili tu, picha na maandishi, ambayo lazima yakae ndani ya kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana. Kompyuta hiyo ndiyo seva. Hata tovuti ya kwanza duniani, ya Tim Berners-Lee pale CERN, Uswisi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ilikaa kwenye kompyuta moja iliyobandikwa kikaratasi chenye wino mwekundu kuwaonya watu wasiizime. Mpaka leo mchezo ni ule ule. Seva ikizimika, duka lako limefungwa.

Sisi makabwela hatuna ubavu wa kununua seva, kuilipia umeme na kuiwekea jenereta. Tunapanga. Ile huduma ya bei ya chini ni sawasawa na nyumba ya vyumba kumi kule Manzese yenye mita moja ya LUKU. Mpangaji mmoja akileta friji, pasi na jiko la umeme, yuniti zinakatika saa mbili usiku na wote mnakaa gizani. Kwenye seva ya kushirikiana ni hivyo hivyo: jirani usiyemjua akipata wageni wengi kwa mpigo, tovuti yako nayo inaanza kukohoa.

Tena mara nyingi anayekupangisha siye mwenye nyumba. Ni dalali. Kakodi seva Ulaya au Marekani, kaigawa vyumba, anapangisha. Udalali si dhambi, na wapo madalali waungwana wanaojua kazi. Balaa ni yule ambaye maji yakikatika hajui hata bomba lilipo.

SITASAHAU MAJOHO YALE

Dada yangu anashona na kukodisha magauni ya harusi pale Sinza. Mwaka 2022 alipanga kwenye kampuni moja ya hapa hapa mjini, sitaitaja, kwa Shilingi 60,000 kwa mwaka. Mimi ndiye niliyekuwa nikimfuatilia mambo hayo. Mwaka wa kwanza ulikuwa safi. Vituko vikaanza 2024.

Mei 12 mwaka huo mikongo miwili ya mawasiliano ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika kweli, na intaneti ikayumba nchi nzima. Hapo hatukumlaumu mtu, samaki wa baharini hawana ofisi ya malalamiko. Lakini Agosti, miezi mitatu baadaye, tovuti ikizimika na mimi nikipiga simu, jamaa anajibu bila haya: "Kaka, vuta subira, ni ule mkongo." Mkongo gani tena? Magazeti yote ya nje yalikuwa yanafunguka, video zinacheza, wenye magauni wengine tovuti zao zinapeta. Nikamwomba binamu yetu aliyeko Muscat ajaribu kuifungua ya kwetu. Akarudisha jibu: "Huku nako nyeupe." Basi, haukuwa mkongo wetu. Ni seva.

Mwezi huo huo kwaya moja ilitaka majoho 36. Mwenyekiti wao aliona kazi za dada, akazipenda, akatuma barua pepe kuuliza bei. Ikarudi. Akatuma tena, ikarudi tena, kwa sababu barua pepe za biashara zilikuwa zinakaa kwenye seva ile ile. Akaingia kwenye tovuti, hola. Akatafuta fundi mwingine. Dada alikuja kuyaona majoho kanisani, yameshavaliwa, tena yamewapendeza. Mwenyekiti akamwambia kwa upole, "Tulikutafuta sana, mama." Kwa bei yake ya Shilingi 45,000 kila joho, hapo zilipotea Shilingi 1,620,000. Njia nzima hadi nyumbani dada hakusema neno. Tulipofika akaniambia tu, "Mdogo wangu, tuhame."

ASILIMIA ZA KUDANGANYIA

Matangazo ya hawa jamaa yanapenda sana namba 99.9. Eti tovuti itakuwa hewani kwa asilimia hiyo ya muda. Piga hesabu uone inamaanisha nini. Asilimia 99.9 inaruhusu tovuti izimike kama dakika 43 kwa mwezi wa siku 30. Hiyo inavumilika. Asilimia 99 tupu inaonekana ni jirani yake, kumbe ni saa 7 na dakika 12 kwa mwezi, karibu siku ya kazi nzima. Asilimia 90, ambayo shuleni ungepewa A na kupigiwa makofi, ni siku tatu za giza kila mwezi.

Kwa hiyo usibishane na mtu kwa maneno. Zipo huduma za bure kwenye intaneti zinazoigonga tovuti yako kila dakika chache na kukutumia ujumbe ikikosekana. Nilijiunga na moja. Agosti ile, kati ya saa 744 za mwezi, tovuti ya dada ilikuwa chini saa 52. Ni sawa na asilimia 93. Nilipowatumia hesabu hiyo, kwa mara ya kwanza wale jamaa walikosa saundi ya kupiga.

SIMU NI SIMU, LAINI NI LAINI

Sasa sikiliza vizuri msomaji wangu, hapa ndipo wengi wanapoingizwa mjini.

Seva ni kama simu. Jina la tovuti, lile la kuishia na .com au .co.tz, ni kama laini. Simu ikifa unachomoa laini, unaiweka kwenye simu nyingine, na watu wanaendelea kukupata kwa namba ile ile. Lakini kama laini imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu mwingine, wewe unaitumia tu. Siku mkikorofishana naye, namba inabaki kwake na wateja wako wote.

Kampuni nyingi zinakuuzia seva na jina ndani ya furushi moja, na zinakupa "jina bure". Hilo bure liangalie kwa jicho la pili. Muulize: limesajiliwa kwa jina la nani? Barua pepe iliyoandikwa pale ni ya nani? Nani ana nywila? Majibu yakiwa ya kuzungukazunguka, ujue umeshikwa pabaya. Vijana wanaotengeneza tovuti nao huwa wanasajili majina kwa anwani zao wenyewe, wengine kwa nia njema kabisa, halafu wanabadilisha namba ya simu na kupotea.

Jina la dada lilikuwa .com, na kwa bahati limeandikwa kwa biashara yake. Lakini kulihamisha kunahitaji namba ya siri, na namba hiyo waliikalia wao. Leo bosi kasafiri, kesho mhasibu yuko kwenye semina, keshokutwa njoo Jumatatu. Longolongo tupu. Majina ya .com yana kanuni zake, zinazosimamiwa na ICANN, taasisi iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998. Kwa kanuni zilizokuwepo mwaka huo wa 2024, mwenye jina akiomba namba ile, aliyemsajilia anatakiwa kumpa njia ya kuipata ndani ya siku tano. Nikamwandikia dada barua fupi isiyo na matusi, yenye tarehe na kanuni hiyo, tukaituma kwao na nakala kwa kampuni ya nje waliyokuwa wanapitishia usajili. Siku ya nne namba ikafika. Bosi alikuwa amesharudi safari.

Kama jina lako ni la .tz, hayo yanasimamiwa hapa hapa nchini chini ya TCRA, kwa hiyo unapo pa kwenda kuuliza kwa miguu yako.

MCHUMBIE KABLA HUJAMUOA

Kupata mwenye seva mpya ni kama kuchumbia, usikurupukie sura. Tuliwaweka watatu kwenye mizani, na maswali yalikuwa haya.

Kwanza, wanapokea simu saa ngapi? Usiulize, jaribu. Niliwatumia wote swali Jumapili saa tatu usiku. Mmoja alijibu baada ya dakika 20, mwingine Jumanne, wa tatu namsubiri mpaka leo.

Pili, naweza kulipa kwa mwezi? Dalali wa chumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na wa seva naye atakubembeleza ulipe miaka mitatu upate punguzo. Anayejiamini anakubali uanze na mwezi mmoja umwonje.

Tatu, "bila kikomo" maana yake nini? Hakuna seva isiyo na mwisho. Nenda kwenye masharti yale ya maandishi madogo, utakuta idadi ya mafaili na nguvu ya kompyuta vimewekewa mpaka.

Nne, nakala za akiba, ile bakapu, zinawekwa wapi na kila baada ya muda gani? Machi 10, 2021 moto uliteketeza jengo zima la seva la kampuni ya OVH pale Strasbourg, Ufaransa. Wapo wateja waliokuja kugundua kwamba hata nakala zao za akiba zilikuwa hapo hapo zilipoungulia seva. OVH ni vigogo wa Ulaya, sembuse dalali wa hapa mjini? Nakala moja ibaki kwako nyumbani, kwenye diski yako.

Tano, swali ambalo wengi wanaona haya kuuliza: nikitaka kuondoka, natokaje? Yule aliyejibu swali hili bila kununa, akatuandikia hatua zote, ndiye tuliyemchagua. Ndiye huyo huyo wa dakika 20. Kwake ni Shilingi 130,000 kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya kule. Dada alishika kiuno kidogo, halafu akakumbuka majoho.

SIKU YA KUHAMA

Usivunje ndoa ya kwanza kabla ya pili kusimama. Nakili mafaili yote pamoja na hifadhidata. Nakili na barua pepe za zamani, maana akaunti ikifungwa nazo zinakwenda. Panga vitu kwenye seva mpya, fungua kila ukurasa, bonyeza kila kitufe. Ukiridhika, ndipo unalielekeza jina kwenye seva mpya. Habari hiyo haifiki dunia nzima kwa mara moja, inaweza kuchukua hadi siku mbili, na katika muda huo wageni wengine bado wanapelekwa kule kwa zamani. Kwa hiyo ile ya zamani iache iwake angalau wiki nzima. Sisi tulihama Jumatatu, siku ambayo maharusi hawana pilika, na wateja hawakujua kama tumebeba godoro.

Nisikudanganye kwamba sasa tuko peponi. Tangu tuhame tovuti imeshazimika mara mbili. Mara moja walituarifu siku mbili kabla kwamba watafanya matengenezo usiku wa manane, na wakafanya kweli. Ya pili ilikuwa ghafla, lakini tulipopiga simu tuliambiwa kilichoharibika ni nini, na saa moja baadaye ilikuwa imesharudi. Mtu akikuambia ukweli unaweza kupanga mambo yako. Kwaya ile haikurudi, fundi wao mpya anafanya vizuri na hatumwonei kijicho.

Kwa hiyo ndugu yangu, kabla hujalala leo, fanya kazi moja tu. Tafuta jina la tovuti yako limesajiliwa kwa nani, na barua pepe ya nani. Ukikuta ni yako, lala salama, mwenye seva yeyote akikuletea za kuleta unachomoa laini unasonga mbele. Ukikuta ni ya mtu mwingine, mpigie kesho asubuhi mkiwa bado mnacheka pamoja. Mkishagombana, utasikia kasafiri.

Tukutane wiki ijayo, tuone hawa wanaokopa magauni ya sendoff halafu wanarudisha yakiwa na mchuzi.