Kayaki ya kukunja ndani ya Vitz: pima mdomo wa buti, na majaketi yatangulie

Kijana mmoja wa Mtwapa, anayefanya kazi katikati ya jiji la Nairobi na kuishi Kawangware, ameniuliza swali. Amepata kayaki ya kukunja, gari lake ni Vitz, na anataka kujua ataibeba vipi bila kuharibu gari wala chombo. Wengi wetu tuko bara kwa ajili ya riziki huku roho zetu ziko baharini, kwa hivyo nimeona nimjibu hapa tusome sote.

Sisi tumezoea kwamba mtumbwi hauondoki ufuoni. Ukitaka kuuhamisha utaupitisha majini, ama utafute lori na wanaume wa kuubeba. Kayaki ya kukunja ilibuniwa ili kuondoa taabu hiyo. Mwaka 1905 mwanafunzi wa usanifu majengo huko Munich, Ujerumani, kwa jina Alfred Heurich, aliunda moja ya fito na turubai. Miaka miwili baadaye haki ya kuitengeneza ilichukuliwa na Johann Klepper, fundi cherehani wa mji wa Rosenheim, na watu wakawa wanapanda treni na boti zao mkobani. Msidhani ni vya kuchezea tu: mwaka 1956 daktari Hannes Lindemann alivuka bahari ya Atlantiki peke yake katika Klepper kwa siku 72. Na fundi cherehani kuunda chombo si ajabu kwetu. Mitepe ya wazee wetu ilishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja.

Hizi za kisasa nyingi ni za bamba la plastiki linalokunjwa kama karatasi. Anton Willis wa San Francisco alianza kubuni yake baada ya kuhamia nyumba ndogo isiyokuwa na nafasi ya kuweka kayaki, na mwaka 2012 kampuni yake ya Oru ikaanza kuziuza. Anayeishi chumba kimoja Kawangware au Kangemi anaielewa shida hiyo bila kuelezwa. Kayaki yao iitwayo Beach LT ikikunjuliwa ina urefu wa karibu mita 3.7 na uzito wa kilo 12 hivi. Ikikunjwa huwa kasha la takriban sentimita 84 kwa 74, na unene wa 30.

Sasa tuje kwenye gari. Wengi hupima buti kwa ndani, kisha wakashangaa kasha haliingii. Pima mdomo wa buti, usipime tumbo lake. Mlango wa nyuma wa gari dogo hubana kwenye pembe za juu, na ukingo wa chini huinuka, kwa hivyo nafasi ya kupitisha mzigo ni ndogo kuliko nafasi ya ndani. Chukua boksi la maziwa au la sabuni, likate na kuliunga mpaka lilingane na vipimo vya kasha, kisha ujaribu kulipitisha kabla hujainua kilo 12.

Kwa Vitz, Passo au Demio, laza viti vya nyuma. Kasha lilale chali, upande mrefu ukatize upana wa gari, liegemee migongo ya viti vya mbele. Likisimama wima litaziba kioo cha nyuma, na kwenye Waiyaki Way, ambako matatu hutokea pande zote, dereva asiyeona nyuma ni hatari kwa wenzake. Mwenye Probox hana haja ya ushauri mwingi: kasha litaingia, na nafasi ya makafi na mikoba itabaki.

Kisha lifunge. Watu hudharau mzigo mwepesi, lakini kilo 12 zikirushwa na breki ya ghafla hupiga kichwa kwa nguvu nyingi kuliko uzito wake. Kutoka Nairobi kwenda Naivasha ni kama kilomita 90, na baada ya Limuru barabara inateremka Bonde la Ufa. Huko ukungu ni mwingi, malori ni mengi, na kila kitu kilicho nyuma hutaka kuja mbele. Pitisha mkanda imara kwenye vyuma vya sakafuni vilivyowekwa kwa kufungia mizigo. Gari lako likiwa halina, tumia mikanda ya viti vya nyuma. Tunaijua ile hadithi ya Mtume (SAW) kumfundisha yule bwana amfunge ngamia wake kwanza, kisha amtegemee Mwenyezi Mungu. Dua ya safari isomwe, na mkanda ukazwe.

Ndani ya jiji kuna mambo mawili zaidi. Mlinzi wa jengo au wa maegesho atakuambia ufungue buti, na kasha kubwa jeusi litamtia wasiwasi. Lipange ili uweze kumfunulia bila kushusha kila kitu. Pia usiliache likionekana kupitia kioo ukiegesha mitaa ya River Road na kwingineko mjini. Asiye na gari anaweza kupanda matatu ya 46 hadi Kawangware au 111 ya Ngong Road, ila aende saa ambazo abiria si wengi na akubaliane nauli ya mzigo na kondakta kabla ya kupanda. Bodaboda nakataza. Kasha pana kama hilo mgongoni hushika upepo, na ukiguswa kidogo na gari umeanguka.

Baada ya maji, futa kila mkunjo kabla ya kufunga. Mchanga unaobaki kwenye mikunjo husaga plastiki kila unapokunja na kukunjua. Ukitoka baharini, Mtwapa au Mida, iogeshe kwa maji baridi ya mfereji, kwa sababu chumvi hula vifungo vya chuma na sakafu ya gari vilevile. Ikikunjwa mbichi na kukaa wiki nzima garini, itaota ukungu na harufu haitakutoka.

Nimeacha la maana zaidi liwe la mwisho. Katika gari dogo, kasha likishaingia, watu na vyakula vikipangwa, kinachoachwa nyumbani kwa kukosa nafasi ni majaketi ya kuokolea maisha. Ziwa Naivasha lina viboko wanaoweza kupindua chombo, na upepo wa alasiri huchafua maji kwa muda mfupi. Mtoto wa pwani husema anajua kuogelea. Kuogelea ukiwa umepigwa na kafi kichwani, au ukiwa na nguo nzito katika maji ya baridi ya bara, ni jambo jingine kabisa. Kwa hivyo majaketi yatangulie kuingia garini, moja kwa kila mtu, kabla ya kasha. Na usiyatumie kama mto wa kukalisha kasha, kwa kuwa sifongo yake ikibanwa sana hupungua nguvu ya kuelea.

Kijana wangu, kama ukishapakia majaketi kasha halitoshi, punguza abiria mmoja ama ufanye safari mbili. Ukifika salama, tuletee picha ya chombo kikiwa majini, inshallah.