Sirtuini na Kuzeeka kwa Mwili

Mzee mmoja mwenye ugonjwa wa sukari alikuja kwetu na chupa ya vidonge. Aliyemwuzia sokoni alisema: «Hii inaamsha sirtuini, nayo inarudisha ujana.» Mzee alikuwa ameacha dawa yake ya sukari ili apate feza ya kununua chupa ile. Tulipompima, sukari ilikuwa juu sana.

Sirtuini ziko kweli, muuzaji hakuzitunga. Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana, na ndani yake mna maagizo tuliyopokea kwa baba na mama, yaitwayo jeni. Jeni saba kati ya hizo zinatengeneza sirtuini. Kazi yao ni kama ya mtunza ghala. Chakula kikipunguka, zinasaidia chembe kutumia mafuta ya akiba na kutengeneza yaliyoharibika.

Lakini hazifanyi kazi pasipo kitu kiitwacho NAD, ambacho mwili unakifanya kwa vitamini B3. Vitamini hiyo iko katika karanga, samaki, nyama na maharagi. Mwenye kula mahindi tu siku zote aweza kushikwa na pelagra: ngozi inaharibika mahali panapopigwa na jua, tumbo linahara, akili inachafuka.

Habari ya kuongeza siku ilianzaje? Mwaka 1999, huko Marekani, Leonard Guarente na wenzake waliongeza jeni iitwayo SIR2 katika chachu, ile ya kuumusha mkate. Chachu ikazaa mara nyingi zaidi kabla ya kufa. Watu wakafurahi mno. Mwaka 2008 kampuni moja ya dawa ilinunua nyingine kwa dola milioni 720, ikitafuta dawa ya kuamsha sirtuini. Kumbe mwaka 2011 wataalamu walipima tena minyoo na nzi kwa uangalifu, wakaona siku zilizoongezeka hazikutoka kwa jeni ile. Mwaka 2012 panya dume walioongezewa sirtuini ya sita waliishi zaidi, majike hapana. Tena panya si mtu, na chachu haina figo. Mpaka leo hakuna kidonge cha sirtuini kilichohakikishwa kuongeza miaka ya mtu.

Mzee akauliza: «Basi, nifunge kula ili ziamke zenyewe?» Tukamwambia: Baba, mwenye kutumia dawa ya sukari asifunge kabla ya kuuliza munganga. Sukari yaweza kushuka ghafula hata azimie njiani.