Kusikiliza ni Kazi ya Kujifunza

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, umekaa penye njia panda. Barabara kuu itokayo Arusha hugawanyika hapo: moja huelekea Kondoa na Dodoma, nyingine hupitia Katesh kwenda Singida. Kando ya mji lipo Ziwa Babati, maarufu kwa viboko wake. Lakini jambo la ajabu zaidi ni usemi wa wakazi wa eneo hilo. Wagorowa na Wairaqw husema lugha za jamii ya Kikushi. Wambugwe na Warangi husema lugha za Kibantu. Wabarbaig husema Kidatoga, ambacho ni cha jamii ya Kinailoti. Na mkoani humo humo, katika Bonde la Yaeda wilayani Mbulu, Wahadzabe husema lugha yenye vidoko ambayo haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Sokoni, hospitalini na shuleni, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha wote.

Katika mazingira kama hayo swali moja la saikolojia, yaani elimu ya nafsi, hupata uzito wa pekee. Je, mtu aweza kufundishwa kumsikiliza mwenzake na kumwelewa, au hicho ni kipaji cha kuzaliwa nacho? Swali hili humhusu kila mwanafunzi wa chuo kikuu anayesomea saikolojia. Maana haitoshi ajue nadharia za vitabuni; siku moja atapangiwa shule, zahanati au kijiji, na huko atakutana na watu wenye shida zao.

Kutoka wazo hadi ujuzi

Mwaka 1957 mwanasaikolojia wa Marekani, Carl Rogers, alieleza mambo matatu ambayo hapana budi mshauri awe nayo. Kwanza, ayaone mambo kama yanavyoonwa na yule anayemsaidia. Pili, amkubali mtu huyo bila masharti. Tatu, awe mkweli, asijifanye. Mawazo hayo yaliathiri sana taaluma ya ushauri ulimwenguni. Lakini mwanafunzi aliyeambiwa tu “mwelewe mwenzako” hajui aanzie wapi.

Njia ya kuanzia ilioneshwa na Allen Ivey na wenzake katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, ambao walichapa matokeo yao mwaka 1968. Wao waliyagawa mazungumzo ya ushauri katika vipande vidogo, wakafundisha kipande kimoja kimoja. Mwanafunzi alizungumza na mtu kwa dakika chache huku akirekodiwa kwenye mkanda wa video. Kisha alijitazama, akaelekezwa, akarudia. Ndivyo ajifunzavyo fundi cherehani: hushona kwanza mstari ulionyooka, ndipo apewe kola.

Vipande vinavyofundishwa katika mtindo huo ni kama hivi: kumwelekea msemaji kwa utulivu, kuuliza maswali yasiyojibiwa kwa “ndiyo” au “hapana”, kurudia kwa ufupi yaliyosemwa, kuitaja hisia iliyojificha ndani ya maneno, na kunyamaza inapostahili.

Mfano mdogo utalifafanua jambo hili. Mwanafunzi wa kidato cha pili anamwambia mshauri: “Mwalimu, siku hizi sitamani kurudi nyumbani.” Mshauri asiyefunzwa atauliza, “Umegombezwa?” Hapo amekwisha kuchagua jibu kabla ya kulisikia. Au atasema, “Usijali, yatakwisha,” na kwa maneno hayo ameufunga mlango. Aliyefunzwa atasema polepole, “Kengele ya kwenda nyumbani ikilia, moyo unakuwa mzito,” kisha atanyamaza. Katika ukimya huo mtoto hupata nafasi ya kuamua kama aendelee, na aseme kiasi gani.

Hesabu iliyopotoshwa

Mwanafunzi wa somo hili husikia mara nyingi kwamba asilimia 7 tu ya mawasiliano ni maneno, asilimia 38 ni sauti, na asilimia 55 ni uso. Tarakimu hizo zilitokana na majaribio ya Albert Mehrabian yaliyochapishwa mwaka 1967. Lakini katika majaribio hayo watu walisikilizishwa neno moja moja lililotamkwa kwa sauti tofauti, na kuoneshwa picha za nyuso, ili wakadirie kama msemaji anampenda anayeambiwa au hampendi. Kwa hiyo hazihusu mazungumzo yote. Mama anayemweleza mganga mahali mtoto wake anapoumwa hutegemea sana maneno. Tarakimu ya kisayansi hupoteza maana ikitengwa na jaribio lililoizaa.

Adabu za mahali

Kanuni nyingine nazo zina mipaka. Vitabu vya Marekani viliagiza mshauri amtazame mtu machoni, na vikaona kukwepa macho kuwa dalili ya kuficha jambo. Ivey mwenyewe baadaye alieleza kwamba miongoni mwa Wainuiti wa kaskazini mwa Kanada ilifaa zaidi kukaa ubavu kwa ubavu kuliko kukabiliana uso kwa uso. Katika familia nyingi za Tanzania, kijana huinamisha macho mbele ya mkubwa kwa heshima. Mshauri asiyelijua hili ataisoma adabu kama uongo.

Hali kadhalika salamu. Anayemwendea mzee na kuanza na “Shida yako ni nini?” pasipo shikamoo wala kuuliza habari za nyumbani, amekwisha kukosa kabla ya kuanza. Na pale bibi asipokimudu Kiswahili, huitwa mjukuu atafsiri. Hapo mshauri makini hujiuliza kama yapo mambo ambayo bibi hawezi kuyatamka mbele ya mjukuu wake, akatafuta mkalimani wa rika na jinsia inayofaa.

Siku ya msiba

Umuhimu wa ujuzi huu ulidhihirika katika mkoa huo huo. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na magogo yalishuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walifariki. Manusura walihifadhiwa kambini kwa muda, na miongoni mwa waliopelekwa kuwasaidia walikuwamo maafisa ustawi wa jamii na washauri.

Zamani ilidhaniwa kwamba mtu aliyenusurika asimulie yote mara moja ili moyo utakate. Tathmini za majaribio zilionesha kuwa kikao kimoja cha namna hiyo hakizuii maradhi ya nafsi baadaye, na huenda kikadhuru. Mwongozo uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani na washirika wake unaagiza mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Msaidizi huangalia usalama na mahitaji ya haraka, humsikiliza anayetaka kusema bila kumlazimisha asiyetaka, kisha humuunganisha na jamaa zake na huduma zilizopo. Basi kujua kutouliza nako ni sehemu ya kusikiliza.

Zoezi la darasani

Walimu waweza kulijaribu jambo hili bila chombo chochote. Wanafunzi wakae watatu watatu: msemaji, msikilizaji na mtazamaji. Kwa dakika tano msemaji aeleze jambo jepesi linalomkera, kama vile foleni ya maji au ratiba ya masomo. Msikilizaji asitoe ushauri wala asisimulie yake. Kila mara, kabla ya kusema neno lake, arudie kwanza alichosikia mpaka msemaji akiri, “Ndivyo.” Kanuni hiyo ilipendekezwa na Rogers mwenyewe. Mtazamaji ahesabu ni mara ngapi msemaji alikatizwa. Kisha wabadilishane nafasi.

Mambo mazito yasiletwe katika zoezi. Mwenye shida ya kweli apelekwe kwa mwalimu wa ushauri kwa faragha. Na hesabu za mtazamaji zitunzwe, zoezi lirudiwe baada ya majuma mawili, ili darasa lenyewe lipime kama sikio limefunzika.