Majina ya viungo vya tovuti: Funzo kutoka Funzi

Mwezi uliopita nilivuka kutoka Bodo hadi kisiwa cha Funzi, Kaunti ya Kwale, kwa mwaliko wa vijana wanaotembeza wageni kwa mashua. Huwapeleka Mto Ramisi kuona mamba, huwapitisha kwenye mikoko, na maji yakipwa huwashusha kwenye fungu la mchanga. Walikuwa wamejitengenezea tovuti, lakini haikuwa ikiwaletea kazi.

“Mwalimu, watu waingia, lakini hawapigi simu,” aliniambia mmoja wao. “Simu twapigiwa na madalali wa Diani, na wao wataka chao kwanza.”

Niliifungua. Juu palikuwa na viungo saba: Nyumbani, Kuhusu Sisi, Maono na Dhamira, Uongozi, Huduma Zetu, Matunzio, Mawasiliano. Nikamwomba mwanafunzi niliyeandamana naye atafute jambo moja tu: anayetaka kuona mamba Jumamosi afike Bodo saa ngapi? Akabonyeza Huduma Zetu, akatoka mikono mitupu. Mawasiliano yakampa sanduku la posta. Hatimaye alilipata jibu chini ya Uongozi, kwenye maelezo ya kazi za katibu. Sote tulicheka, ila hasara ilikuwa dhahiri. Mgeni aliye hotelini hana subira hiyo, humpigia dalali.

Kasoro hii ni ya lugha kabla ya kuwa ya kompyuta. Jina la kiungo ni ahadi: humwambia msomaji atakachokikuta akibonyeza. “Huduma Zetu” haiahidi kitu, kwani kinyozi ana huduma na benki ina huduma. Vijana walikuwa wameipanga tovuti kwa umbo la kikundi chao, ilhali mgeni huja na maswali yake.

Tuliketi barazani tukakata vipande vya karatasi. Katika kila kipande tuliandika swali moja ambalo wageni huwauliza kwenye simu. Yalifika 23. Nikavichanganya, kisha watu watano wakavipanga kwa zamu: nahodha mzee, mama anayewapikia wageni, mwalimu wa shule, kijana mmoja na mwanafunzi wangu. Kila mmoja alitenga mafungu kadiri alivyoona inafaa, akalipa kila fungu jina. Yule mama aliweka chakula na bei pamoja. “Mtu auliza pesa ngapi, halafu auliza kama amelishwa ndani yake,” alisema. Wanne kati ya watano walifanya vivyo hivyo.

Saa za maji nazo zilijitenga zenyewe. Bahari hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50, hivyo saa ya Ijumaa si ya Jumamosi. Kijana mmoja alipendekeza kiungo kiitwe “Maji ya Leo”. Nikamuuliza nani atakibadilisha kila alfajiri. Kimya. Tukakubaliana kiitwe “Saa za Maji”, kiwe na jedwali la mwezi mzima, na nahodha alikague kwanza.

Viungo vya juu sasa ni vitano: Mwanzo, Safari na Bei, Saa za Maji, Kufika Bodo, Piga Simu. Mwenyekiti hakufurahi kuona Uongozi umeshushwa chini ya ukurasa. Nahodha akamtuliza: “Mwenyekiti, mgeni aja kuona mamba, haji kukuona wewe.”

Mbona Mwanzo, si Nyumbani? Neno “Nyumbani” limefasiriwa sisisi kutoka Kiingereza. Uswahilini mgeni hubisha hodi nyumbani kwa watu, na hata akikaribishwa bado si kwake. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka wa 2003, huuita ukurasa wake wa kwanza “Mwanzo”, na jina hilo halimbabaishi mtu.

Wapo wanaodai Kiswahili hakina msamiati wa mambo haya. Tunapakia faili na kuzipakua kwa vitenzi walivyotumia wachukuzi wa majahazi kabla ya umeme. Kisiwani huzungumzwa Chifundi, lahaja ya Kiswahili ya Funzi na vijiji vya bara vilivyo karibu, na kijana mmoja alitaka iwemo. Nilimuunga mkono, ila kwa ukurasa wa masimulizi ya kisiwa. Viungo vya juu lazima aving’amue hata mgeni wa Nakuru.

Lilibaki suala la kuichapisha upya, nalo lina sehemu mbili: jina na mahali. Jina ni kikoa. Majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC; .co.ke ni ya biashara, .or.ke ya mashirika yasiyolenga faida. Jina hulipiwa kwa muda maalum. Ada ikisahauliwa, mwingine anaweza kulichukua. Mahali ni seva, kompyuta isiyozimwa ambako faili hupakiwa ili zifikiwe wakati wowote.

Hapo ndipo tulipokwama. Jina lilikuwa limesajiliwa kwa baruapepe ya kijana mmoja, na kijana huyo sasa anafanya kazi Doha. Nywila zote alikuwa nazo yeye. Tulimpata jioni baada ya zamu yake, akazituma bila kinyongo. Je, angebadilisha namba? Usajili sasa uko kwa baruapepe ya kikundi, na watu watatu wana funguo.

Kabla ya kupakia tulipunguza uzito wa picha ili zifunguke hata mtandao ukiwa hafifu. Anwani za kurasa za zamani tulizielekeza kwenye mpya, ili aliyehifadhi kiungo cha kale asigonge ukuta.

Msomaji, kama shule yako, msikiti, kanisa au chama chako kina tovuti, mpe simu mtu asiyewajua. Muulize swali moja ambalo wageni wenu huuliza, kisha nyamaza umtazame anabonyeza wapi.